Kompyuta kuukuu Kilembwe: kabla ya kuitupa, ijaribu Linux

Kompyuta inayofika Kilembwe, katika sekta ya Lulenge, teritware ya Fizi, mara nyingi imekwisha kupita mikononi mwa watu wengine. Ni mtumba, betri imechoka, na ndani yake mna Windows 10. Humo mwalimu huweka maswali ya mitihani na alama za wanafunzi. Mwenye kibanda cha kuchapisha huweka hati za wateja. Sasa mfumo huo umeachwa. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikomesha masasisho yake ya kawaida ya usalama, na Windows 11 inadai vifaa ambavyo mashini nyingi za zamani hazina, ikiwemo chipu ya usalama ya TPM 2.0.

Mashini haitazimika kesho kwa sababu hiyo. Hatari iko kwenye flashi, ile inayotoka kwa jirani, ikaingia kwako, kisha ikaenda kibandani kuchapisha, ikibeba virusi njia nzima.

Njia isiyo na malipo ni Linux, iliyoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi nchini Finland. Kinachomchanganya anayeanza ni wingi wa matoleo. Kwa maoni yangu asitangetange: achukue Linux Mint, toleo jepesi la Xfce. Menyu yake iko chini kushoto kama aliyoizoea, na LibreOffice imo tayari kwa kuandika barua na kupiga hesabu. Inafungua hati za Word pia, ingawa jedwali lenye mapambo mengi huweza kuvurugika. Inahitaji angalau gigabaiti 2 za RAM, 4 ndiyo afadhali, na gigabaiti 20 za nafasi kwenye diski. Ubuntu, iliyoanza mwaka 2004, inajulikana zaidi, lakini toleo lake la kawaida ni zito kwa mashini dhaifu. ChromeOS Flex ya Google nayo ni rahisi, ila imejengwa juu ya intaneti. Pale ambapo mtandao hununuliwa kwa megabaiti, siishauri.

Lugha si kikwazo kwa aliyesoma kwa Kifaransa, kwani Mint inapatikana kwa lugha hiyo. Kiswahili bado kiko nyuma, japokuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, tangu mwaka 2004.

Faili la Mint lina karibu gigabaiti 3. Anayeshuka Baraka au Uvira aweza kulipakua huko mara moja, kisha aliandike kwenye flashi ya gigabaiti 8 kwa programu kama Rufus. Kulinakili tu, kama mtu anavyonakili wimbo, hakutoshi. Ukiwasha kompyuta kupitia flashi hiyo, Mint hufunguka bila kugusa diski. Hapo ndipo pa kukaa muda mrefu: jaribu sauti, Wi-Fi, na hasa printa, kwa maana si kila printa inaelewana na Linux, na kibanda kisichochapisha hakina kazi.

Ukiridhika, hamisha kwanza hati zako zote kwenye diski nyingine, kwa sababu ukichagua kuipa Mint diski nzima, vilivyomo hufutika. Kama umeme wako ni wa sola, ngoja jua la mchana: mashini ikizimika katikati ya kazi, unaweza kubaki bila mfumo wowote. Na kama kibao chako ni AZERTY, kichague hivyo mwanzoni kabisa. La sivyo, ukibonyeza A itaandikwa Q, na neno la siri uliloliweka halitakuwa lile unalolikumbuka.

Flashi yenyewe usiifute. Linux Mint inaruhusiwa kunakiliwa na kugawiwa, na jirani mwenye Windows 10 huenda akabisha hodi wiki ijayo.