Mnara Hauzunguki, Kinachozunguka ni Sakafu

Ukipanda mawe ya Bujora hapa Kisesa, Mwanza, kwenye kilima chenye makumbusho ya Wasukuma aliyoyaanzisha Padri David Clement, lazima ugeuke mwenyewe ndipo uone pande zote. Wahandisi walitafuta namna ya kumgeuza mtazamaji akiwa ameketi, sahani ya chakula mbele yake.

Cairo walifanya hivyo kwenye mnara wao wa mita 187, uliofunguliwa mwaka 1961. Karibu nasi liko jengo la KICC, Nairobi, lililosanifiwa na Karl Henrik Nøstvik wa Norwei akishirikiana na David Mutiso wa Kenya. Lilikamilika mwaka 1973, ghorofa 28, na juu yake ukawekwa mgahawa unaozunguka.

Swali ninaloulizwa kila mara ni hili: mbona mabomba hayakatiki? Hayakatiki kwa sababu jengo lenyewe limetulia. Kiini cha katikati, chenye lifti, ngazi, jiko na mabomba, hakisogei. Ukuta wa nje na madirisha navyo vimesimama. Kati ya kiini na ukuta kuna pete ya sakafu iliyobeba meza na viti, nayo inatembea juu ya magurudumu ya chuma yaliyopangwa kwenye reli ya duara.

Fundi baiskeli yeyote wa Kisesa anaijua siri ya magurudumu hayo. Gunia la kilo 100 mtu mmoja hafiki nalo mbali kichwani. Lifunge kwenye baiskeli yenye gololi nzima na grisi ya kutosha, kijana atalisukuma hadi Igoma. Kwenye tambarare halinyanyui. Ardhi ndiyo inayolibeba, yeye anashindana na msuguano tu. Ndiyo maana mgahawa wa Space Needle wa Seattle, Marekani, ulipofunguliwa mwaka 1962 ulizungushwa na mota ya nguvu ya farasi mmoja hivi. Mashine zetu za kusaga mahindi zina mota kubwa kuliko hiyo.

Mwendo nao ni wa taratibu. Chukua pete yenye nusu kipenyo cha mita 12: mzingo wake ni kama mita 75. Ikimaliza duara kwa saa moja, meza yako inasogea sentimita 2 tu kwa sekunde. Chai haimwagiki.

Shida iko kwenye reli. Sehemu moja ikititia milimita chache, mzigo huangukia magurudumu machache, yanaanza kugonga na kulika. Mwanza tuna granaiti, msingi ambao wengi wanautamani. Hata hivyo, mwekezaji atakayetaka kujenga mnara wa namna hiyo hapa nitamwuliza kwanza nani atasafisha reli na kupaka grisi miaka 20 ijayo.

Nawe ukibahatika kuketi kwenye mgahawa kama huo, usiweke mkoba wako kwenye kizingiti cha dirisha. Dirisha halizunguki. Wewe utaondoka, mkoba utabaki.