Wimbo uliozima muziki

Nilikwenda Magomeni, Dar es Salaam, kujaza nyimbo kwenye flashi. Mama yangu anapenda dansi la zamani kwenye sabufa yake, na rafiki alinielekeza kwa mzee mmoja mwenye nyimbo ambazo vijana wa kurusha muziki hawana. Nilidhani nitakaa dakika kumi. Niliondoka adhana ya magharibi ikilia, na nilichokiona kwenye kibanda kile hakijaniacha hadi leo.

Nilimkuta amekaa mbele ya kompyuta ya mezani, nyuma yake rafu ya kanda ambazo hakuna anayezinunua tena. "Shikamoo mzee." "Marahaba," aliitikia bila kubandua macho kwenye kioo. Magitaa yalikuwa yamekolea, tarumbeta zinajiandaa kuingia, ghafla kimya. Muziki ulikatika kama mtu aliyezibwa mdomo, programu ikatoweka kwenye kioo, kikabaki kidirisha chenye mstari mmoja wa Kiingereza. Mzee aliifungua upya. Ikapiga nyimbo tano, ya sita ikiwa katikati ikatoweka tena.

"Siku ya tatu leo," alisema. "Vijana wote wananiambia neno moja, piga window upya. Nimekataa. Ukipiga window kabla ya kuujua ugonjwa, umembadilishia mgonjwa shuka tu."

Hakutaka jina lake litoke gazetini, kwa hiyo nitamwita Fundi, kama mtaa unavyomwita. Alianza kwa kurudufu kanda miaka ya themanini, akaingia kwenye CD, sasa ni flashi na memori kadi. Kompyuta hakufundishwa na mtu. Ameisoma kwa kuuguza ya kwake.

Yale ambayo kila mtu angemshauri alikuwa ameshayafanya: programu aliifuta akaiweka upya, draiva ya sauti akaisasisha, folda ya mipangilio akaibadilisha jina ili programu ianze kama mgeni. Haikusaidia. Lakini kabla ya yote hayo alifanya jambo ambalo wengi hulikumbuka wakiwa wamechelewa. Alinakili folda nzima ya nyimbo kwenye diski ya pembeni. "Nakala kwanza, dawa baadaye," alisema. "Programu ikifa inafufuka. Wimbo ukifa ndiyo basi."

Kisha akanionyesha ushahidi wake. Ndani ya Windows kuna daftari la matukio ambalo watu wengi hawajawahi kulifungua, na kila programu inapokufa hovyo huandikwa humo saa, jina lake na namba ya kosa. Fundi alikuwa amenakili mistari 11 kwenye daftari la shule, kwa kalamu. Yote 11 ilikuwa na namba moja, 0xc0000005. Maana yake ni kwamba programu ilijaribu kusoma sehemu ya kumbukumbu ya kompyuta ambayo si yake, mfumo ukaitoa nje.

"Ameingia chumba kisicho chake," alieleza. "Sasa jiulize, nani kamwelekeza huko? RAM ikiwa mbovu, kompyuta inaanguka popote, leo kwenye muziki, kesho kwenye kuandika barua. Hii inaanguka kwenye muziki tu. Diski nimeikagua, nzima. Kwa hiyo kuna wimbo unaomtuma."

Wimbo gani, kati ya nyimbo elfu nne? Nilisema labda ni ule uliokuwa ukipigwa programu ilipokufa. Akatikisa kichwa. Programu nyingi huchungulia wimbo unaofuata kabla huu haujaisha, ili kusiwe na pengo katikati. "Anayeimba wakati wa msiba si lazima awe ndiye aliyeua."

Hapo ndipo nilipovuta kigoda. Fundi aligawa folda ya nakala katikati, elfu mbili huku, elfu mbili kule, akaiamuru programu isome nusu ya kwanza kwa mkupuo. Ikapita salama. Nusu ya pili, ikafa. Akaiweka kando ile salama, akaigawa ile mbaya. Elfu moja. Mia tano. Mia mbili na hamsini. Kila mgawo aliuwekea alama daftarini.

"Mchele ukiwa na jiwe hutafuni punje moja moja," alisema. "Unagawa ungo."

Nilipiga hesabu pembeni ya karatasi yangu: nyimbo elfu nne, ukizigawa nusu kwa nusu, zinakufikisha kwenye wimbo mmoja kwa migawo 12. Angejaribu mmoja mmoja angemaliza wiki. Mgawo wa 12 ulipokwisha, kwenye folda lilibaki faili moja. Jina lake: Track 07.

Jina hilo halikuandikwa na mwanamuziki yeyote. Ndilo kompyuta inalotoa inaponakili CD ambayo haijui nyimbo zake zinaitwaje. Track maana yake ni wimbo tu. Wimbo namba saba wa CD fulani, ya mtu fulani, basi.

Fundi alilifungua faili lile kwa programu inayoonyesha baiti zake moja moja, namba upande wa kushoto na herufi upande wa kulia. Pale ndipo nilipojifunza kuwa wimbo wa MP3 unaweza kuwa na lebo mbili, moja kichwani na nyingine mkiani, na kwamba ugonjwa wote ulikuwa kwenye lebo. Sauti haikuwa na kosa lolote.

MP3 ilipopata jina lake Ujerumani mwaka 1995, ilibeba sauti peke yake. Ndani hamkuwa na mahali pa kuandika nani anaimba. Mwaka 1996 mtu mmoja aitwaye Eric Kemp akabuni njia ya kugandisha lebo mwishoni mwa faili: baiti 128, hazipungui wala haziongezeki. Tatu za kwanza ni herufi TAG. Kisha nafasi 30 za jina la wimbo, 30 za mwanamuziki, 30 za albamu, nne za mwaka, 30 za maelezo, na moja ya mwisho ni namba ya aina ya muziki. Namba hizo zilipoanza zilikuwa aina 80. Polka imo, ni namba 75. Grunge, namba 6. Taarabu haimo. Dansi la kwetu halimo. Fundi akitaka kuiandika taarabu, anachagua kati ya namba 48, muziki wa kikabila, na namba 12, mengineyo.

"Angalia hizi," aliniambia, akifungua orodha ya nyimbo zake za taarabu. Nyingi zilikuwa zimeandikwa Blues. Nilidhani kuna mtu aliamua hivyo, labda kwa kusikia majonzi kwenye fidla. Sivyo. Blues ni namba sifuri. Programu iliyoacha nafasi ile bila kuijaza iliweka sifuri, na sifuri ikisomwa inakuwa Blues. Taarabu hizo zimepewa kabila la kigeni kwa sababu hakuna aliyezijazia fomu.

Kwenye mkia wa Track 07, nafasi ya mwaka ilikuwa tupu. Nafasi ya mwanamuziki ilisomeka Mlimani Park Orchestra Sikinde. Nilihesabu herufi pamoja na nafasi kati ya maneno. Ni 30 kamili. Aliyeandika huenda alitaka kumalizia na Ngoma ya Ukae, kama bendi inavyotajwa na kila anayeipenda, lakini lebo ilimwishia pale. Nilikaa nikiutazama mstari ule muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Bendi iliyojaza kumbi za jiji hili tangu mwaka 1978, na jina lake limekatwa kwa sababu nafasi ni 30.

Lebo ya kichwani ni ya baadaye. Ilianza mwaka 1998, ina nafasi kubwa na inaweza kubeba hata picha. Ndiyo iliyokuwa ikiua programu. Lebo hii hutangaza kwanza ukubwa wa kila kilichomo, na matoleo yake mawili, la mwaka 1999 na la mwaka 2000, hayaandiki ukubwa huo kwa kipimo kimoja. Kwa vitu vidogo vipimo hivyo havitofautiani. Kwa picha vinaachana mbali.

"Mmoja ameandika kumi, anakusudia vibaba," Fundi alieleza. "Mwenzake akasoma kumi, akadhani ni pishi."

Pishi ni vibaba vinne, na kwa picha ya ukubwa ule tofauti ya vipimo hivyo viwili ni karibu mara nne vilevile. Picha ya megabaiti moja na robo ilisomwa kuwa megabaiti tano, na faili zima halikufika hata tano. Programu iliyoandikwa kwa uangalifu ingeshtuka: inakuwaje kilichomo kiwe kikubwa kuliko chombo? Hii iliamini lebo. Ikaenda kutafuta picha hadi nje ya mipaka ya faili, ikaingia chumba kisicho chake, ikatolewa.

Fundi aliitoa ile picha tuione. Lilikuwa tangazo la gari. Mtu fulani, mahali fulani, alibandika biashara yake kwenye wimbo wa watu, na baada ya miaka ubandiko ule ukawa unaunyamazisha.

Kufuta lebo ni kazi ya dakika moja. Nilishangaa kumwona Fundi anasita, mkono juu ya kipanya. Akafunua ukurasa mpya wa daftari, akanakili kila neno lililosomeka, la kichwani na la mkiani. "Watu wakisikia lebo mbovu wanafagia zote," alisema. "Kompyuta inapona, jina la mwimbaji linaondoka na taka. Nimeshaona maktaba nzima imeponywa hivyo. Inapiga vizuri sana, na humjui hata mmoja anayeimba."

Nilimuuliza kwa nini nyimbo zetu nyingi hazina majina. Alinyamaza kidogo. Bendi nyingi za enzi zile zilirekodiwa na Radio Tanzania Dar es Salaam, na watu kama yeye walizinasa kutoka redioni kwa kanda. Kanda ikaja kuwa CD, CD ikawa faili.

"Mtangazaji alikuwa anautaja wimbo na bendi kabla ya kuupiga," alisema. "Sisi tukitaka kanda safi, isiyo na maneno. Kidole kiko kwenye kitufe, tunamsubiri anyamaze ndipo tubonyeze. Unaona? Jina lilitajwa, tukalisikia, tukaliacha nje kwa mikono yetu wenyewe. Ningejua ningebonyeza mapema."

Akaifuta lebo ya kichwani, ya mkiani akaiacha. Akarudisha faili mahali pake, akaufungua wimbo. Safari hii haukukatika. Tarumbeta ziliingia, kiitikio kikaja, chemko likapanda, na jirani wa duka la vipuri, mzee wa rika la Fundi, akasimama mlangoni akichezesha mabega.

"Msondo hao," alisema jirani.

"Sikinde," Fundi akamjibu. "Imeandikwa."

"Nani kaandika? Ile sauti siijui mimi? Huyo ni Gurumo, na huo ni Msondo."

Walibishana mpaka wateja wawili wakakusanyika. Anayelijua dansi la Dar es Salaam anaelewa kwa nini sauti haikuweza kuwaamua. Muhidin Maalim Gurumo aliimba NUTA Jazz, mwaka 1978 akawa miongoni mwa waliounda Mlimani Park, na baadaye akarudi kwa wenzake wa zamani, bendi ileile ya NUTA iliyokuja kuitwa JUWATA na mwishowe Msondo Ngoma. Alifariki mwaka 2014. Sauti yake iko pande zote mbili za ushindani wa Sikinde na Msondo, kama kweli ni yake. Na lebo, je? Iliandikwa na mtu asiyejulikana, pengine yuleyule aliyeziacha zile taarabu zikisomeka Blues. Kwa nini tuamini mstari mmoja na kuukataa wa pili?

Fundi aliandika daftarini: Sikinde kwa lebo, Msondo kwa jirani. Jina la wimbo: akaacha nafasi.

Tulihesabu pamoja mafaili yake yanayoanza na neno Track. Tulipofika 200 tukaacha. Kila moja ni wimbo ambao mtu alitunga, watu wakaupigia magitaa na tarumbeta usiku kucha, na aliyelijua jina lake anazeeka au ameshazikwa. Sijaona anayewatembelea wazee hawa na spika mkononi kuwauliza. Kazi hiyo ni ya nani? Ya redio iliyorithi tepu za Radio Tanzania? Ya bendi? Yetu tunaojaza flashi?

Usiku ule niliichomeka flashi kwenye sabufa ya mama. Track 07 ilipofika aliweka chini kisu cha mboga, akaimba kiitikio chote bila kukosea neno. Nilimuuliza unaitwaje wimbo huu. Akafikiri, akaanza kutaja, akajirudi.

"Urudishe mwanzo," alisema. "Nausikia uko mdomoni."

Tuliurudisha mara tatu.