Kabla ya Kununua Kontrola ya Studio ya Nyumbani

Mtayarishaji wa muziki anayefanyia kazi nyumbani hufika mahali ambapo kipanya cha kompyuta hakimtoshi. Kupandisha sauti ya mwimbaji huku akishusha ya gitaa ni kazi ya mikono miwili, ilhali kipanya hushika kitu kimoja kwa wakati mmoja. Hapo ndipo hutafuta kontrola: kifaa cha mezani chenye fada za kusukuma juu na chini, vitufe vya kuzungusha na vya kubonyeza, kinachounganishwa na kompyuta kwa waya wa USB. Kwa kuwa kifaa hiki hufanana na mikisa, na kwa kuwa si kila kontrola huelewana na kila programu, mlaji anaweza kulipa fedha nyingi kwa kitu kisichomfaa. Inafaa ajue mambo yafuatayo kabla ya kulipa.

Kontrola si mikisa

Sauti haipiti ndani ya kontrola ya kawaida. Kinachosafiri kwenye waya wake ni amri tu. Ukisukuma fada, kifaa huiarifu programu kwamba fada hiyo imefikia kiwango fulani, na programu ndiyo inayobadilisha sauti. Kwa kawaida amri hizo hutumwa kwa MIDI, lugha ya vifaa vya muziki iliyoanza kutumika mwaka 1983.

Kwa sababu hiyo, kontrola haiboreshi sauti unayorekodi. Kama tatizo lako ni mvumo au sauti hafifu ya maikrofoni, chunguza kwanza maikrofoni, waya na kadi ya sauti. Vipo vifaa vinavyounganisha kazi ya kontrola na ya kadi ya sauti. Utavitambua kwa matundu ya maikrofoni na ya spika. Kifaa kisicho na matundu hayo hakirekodi chochote.

Je, kinaelewana na programu yako?

Kauli ya muuzaji kwamba kifaa “ni cha USB, kitakubali tu” haitoshi. USB ni njia ya kupitishia amri. Haihakikishi kwamba amri hizo zitaeleweka. Programu nyingi, zikiwemo Cubase, Logic Pro na REAPER, huelewa utaratibu uitwao Mackie Control. Pro Tools kwa miaka mingi imetumia utaratibu mwingine uitwao HUI. Kontrola nyingi zina yote miwili, lakini zipo zilizotengenezwa kwa ajili ya programu moja mahususi. Push, kwa mfano, imekusudiwa Ableton Live. Kontrola isiyotambuliwa na programu huenda bado ikatumika, ila italazimu uifundishe kazi ya kila fada na kila kitufe wewe mwenyewe.

Andika jina na toleo la programu yako pamoja na mfumo endeshi wa kompyuta, kisha linganisha na orodha iliyoko kwenye tovuti ya mtengenezaji. Kifaa cha zamani kinaweza kuwa kizima kabisa, lakini kikahitaji programu saidizi ambayo mtengenezaji ameacha kuitolea matoleo mapya.

Fada zenye mota na umeme

Tuseme wimbo wako una njia 24 za sauti na kontrola ina fada 8. Utazihudumia njia hizo kwa mafungu matatu. Fada za kawaida hubaki ulipoziacha, hivyo ukihamia fungu jingine hazionyeshi kiwango halisi, na ukizigusa sauti inaweza kuruka ghafla. Fada zenye mota hujisogeza zenyewe hadi mahali panapostahili. Bei yake ni kubwa zaidi, na nyingi huhitaji umeme wa ukutani.

Umeme wa nchini Tanzania ni volti 230. Soma lebo ya adapta, hasa kwa bidhaa iliyotumika kutoka nje. Iliyoandikwa volti 100 hadi 240 inafaa; iliyoandikwa volti 100 au 120 pekee inaweza kuungua mara tu ikichomekwa.

Hatua za kuchukua

1. Nenda dukani na kompyuta yako, na ufungue wimbo unaoufanyia kazi.
2. Sukuma kila fada na ubonyeze kila kitufe huku ukitazama kioo. Fada yenye mota isogee bila kukwama wala kutetemeka.
3. Kwa kifaa kilichotumika, uliza kama namba za leseni za programu zilizokuja nacho zimeshatumika. Kwa kawaida namba hizo husajiliwa mara moja tu.
4. Dai risiti yenye jina kamili la kifaa, na umwombe muuzaji aandike programu aliyokuhakikishia kuwa kitafanya kazi nayo, pamoja na muda wa dhamana.

Hatua ya nne ina uzito wa pekee. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kutoa maelezo ya uongo au ya kupotosha kuhusu bidhaa. Ahadi ya mdomo ni vigumu kuithibitisha. Iliyoandikwa ni ushahidi. Kifaa kisipolingana na ulichoambiwa, kirejeshe mapema pamoja na risiti na kasha lake. Muuzaji akikataa kukusikiliza, wasilisha malalamiko yako kwa maandishi katika Tume ya Ushindani, ukiambatisha nakala za nyaraka hizo.