Kufa na Kufiwa: Vifo vya Wahusika katika Filamu za Kale Zihusuzo Nchi ya Lualaba

1. Utangulizi

Uchunguzi wa filamu za kale zihusuzo Afrika umejishughulisha mno na maneno ya wahusika: nani anazungumza, kwa lugha gani, na kwa cheo gani. Makala haya yanachukua upande mwingine. Yanauliza jinsi wahusika wanavyokufa, na nani hubaki nyuma yao akiwalilia. Lengo letu ni kuonyesha kwamba Kiswahili kina kitenzi kimoja, *kufiwa*, kinachotusaidia kuona jambo ambalo filamu hizo hulificha: kwamba kufa ni kwa wote, bali kufiwa kumegawanywa kwa upendeleo.

Mahali tunapotazamia ni Salamabila, mji wa wachimba dhahabu katika eneo la Kabambare, kusini mwa Maniema. Hapo Kiswahili ni lugha ya soko, ya machimbo na ya msiba. Magharibi yake ni Kasongo na mto Lualaba. Mashariki ni milima inayoelekea Ziwa Tanganyika. Na mtu akiufuata mto kuelekea kaskazini atafika Kindu, Ubundu na Kisangani. Katika duara hilo ndimo ilimo asili ya filamu kadhaa mashuhuri. Baadhi zilipigwa papo hapo mtoni; nyingine zilieleza habari za hapo lakini zikapigwa mbali. Tutachambua nne za kale, za kati ya mwaka 1939 na 1968, kisha tuzilinganishe na moja ya mwaka 2000.

2. Kitenzi na Wafiwa Wake

Kabla ya kuingia katika filamu, yafaa tukumbushane sarufi. Kutokana na *kufa* tunapata *kufia*, chenye maana mbili kuu: kufa mahali fulani au kwa ajili ya jambo fulani, na kufa ukimwacha mtu. Twasema: "Baba yake amemfia." Sentensi hiyo ikigeuzwa kuwa ya kutendwa, inakuwa: "Amefiwa na baba yake." Hapa aliye hai ndiye kiima cha sentensi, na aliyekufa ametajwa kwa uhusiano wao. Kutoka hapo tunapata *mfiwa* na *wafiwa*, watu wanaoketi katika kilio au matanga na kupokea mikono ya rambirambi.

Jambo la kuzingatia ni kwamba *kufa* kwaweza kusemwa juu ya yeyote na chochote: mtu, mbuzi, mti, hata saa iliyosimama. *Kufiwa* kwahitaji watu wawili walio na uhusiano. Mtu hawezi kufiwa na asiyemjua. Kwa hiyo, tukitaka kujua kama hadithi imemhesabu mhusika kuwa mtu kamili, haitoshi kuuliza kama amekufa mbele ya macho yetu. Tuulize pia: je, yuko aliyefiwa naye?

3. Kifo cha Habari

Namna ya kwanza ya kufa ni ile ambayo mtazamaji haioni. Katika *Stanley and Livingstone* (1939), iliyoongozwa na Henry King, kifo cha Livingstone kinawafikia wataalamu wa Uingereza kama habari kutoka mbali, na habari hiyo inatosha kubadili mawazo ya watu waliomshuku Stanley. Vivyo hivyo katika *The Nun's Story* (1959), ambayo sehemu yake ya Kongo ilipigwa Stanleyville, yaani Kisangani ya leo, mnamo mwaka 1958. Baba wa mtawa Luka, ambaye ni daktari, anauawa na Wajerumani alipokuwa akiwahudumia watu vitani. Hatuoni risasi wala maiti. Tunaona uso wa binti yake, na msiba huo ndio unaomfikisha kwenye uamuzi wa kuuacha utawa.

Kifo cha namna hii ni kufiwa kutupu. Tendo la kufa limeondolewa, na aliyebaki ndiye anayeshika skrini yote. Ndiyo heshima kubwa kabisa ambayo filamu yaweza kumpa marehemu, kwa kuwa hata bila mwili wake kuonekana, maisha ya walio hai yanageuka.

Lakini tuiangalie filamu ya Livingstone kwa jicho la Kasongo. Livingstone hakufika Ujiji mwezi Oktoba mwaka 1871 kwa sababu ya kupotea tu. Alikuwa ametoka Nyangwe, mji wa soko kando ya Lualaba, si mbali na Kasongo. Tarehe 15 Julai mwaka huo aliona watu wenye bunduki, wa msafara wa Dugumbe bin Habib, wakiwapiga risasi wauzaji na wanunuzi sokoni. Wengi wao walikuwa wanawake. Walikimbilia mitumbwi, mitumbwi ikapinduka, na mto ukawachukua. Makadirio aliyoyaandika ni ya watu kati ya 330 na 400. Kwa kuwa karatasi zilikuwa zimemwishia, aliandika juu ya kurasa za gazeti kuukuu kwa wino uliotengenezwa kwa mbegu za huko, na maandishi hayo yakafifia hata yakawa hayasomeki. Mwaka 2011 wataalamu waliyasoma upya kwa kuyapiga picha kwa mwanga wa rangi mbalimbali, na ikaonekana kwamba kitabu kilichochapwa mwaka 1874 hakikulingana kila mahali na aliyoyaandika siku zile.

Filamu ya mwaka 1939 ina nafasi ya kutosha kwa salamu maarufu ya Ujiji, lakini haina nafasi kwa soko la Nyangwe. Hata wazungu wawili waliofuatana na Stanley, Farquhar na Shaw, waliofia njiani mwaka 1871, hawapewi vifo vyao; badala yao msafara umepewa mwandani wa kubuni wa kuchekesha. Kwa hiyo kifo kimoja, cha Livingstone, kimebeba uzito wa vifo vyote. Wanawake wa Nyangwe walikuwa na majina, waume, watoto na mama zao. Ng'ambo zote mbili za mto kulikuwa na watu waliofiwa usiku ule, na filamu haikuwapa hata dakika moja.

4. Kifo cha Kitandani na Kifo cha Umati

*The African Queen* (1951) ya John Huston ni ya karibu zaidi na mto wetu. Sehemu yake kubwa ya Kongo ilipigwa kwenye mto Ruiki, karibu na Ponthierville, mji unaoitwa Ubundu leo. Sehemu nyingine ilipigwa Uganda. Hadithi, iliyotokana na riwaya ya C. S. Forester ya mwaka 1935, inaanza mwaka 1914 katika kijiji cha kubuni cha Afrika Mashariki ya Kijerumani. Askari wanachoma nyumba na kuwachukua wanakijiji. Mmisionari Samuel Sayer anapinga, anapigwa kwa kitako cha bunduki, kisha anaugua, anapayapaya na kufa. Dada yake Rose anamlilia. Charlie Allnut anamzika, na safari yote inayofuata ni matokeo ya kaburi hilo.

Hiki ni kifo cha kitandani kilicho kamili kwa kanuni zake: kuna ugonjwa, kuna maneno ya mwisho, kuna mfiwa, kuna kaburi. Jambo la kushangaza ni kwamba Robert Morley, aliyeigiza Samuel, hakufika Afrika. Sehemu zake zilipigwa Uingereza. Kaburi la pekee ambalo filamu inalilia katika ardhi ya Afrika ni la mtu ambaye mwigizaji wake hakuikanyaga ardhi hiyo.

Na wanakijiji je? Walioimba kanisani dakika chache kabla wanapelekwa na askari, na hadithi haiwarudii tena. Hatujui nani aliishi na nani alikufa. Historia inatusaidia kujaza pengo hilo. Katika vita vile, majeshi ya Kibelgiji yaliyofika Tabora mwezi Septemba mwaka 1916 yalibebewa mizigo na maelfu mengi ya wapagazi kutoka Kongo, na wengi wao hawakurudi. Mwaka 1915 mashua mbili za kivita za Kiingereza, Mimi na Toutou, zilivutwa nchi kavu katika Katanga, zikateremshwa kwa Lualaba hadi Kabalo, kisha zikapelekwa ziwani kwa reli. Kazi ya mikono ilikuwa ya Waafrika. Kifo chao ni kifo cha umati: kinasemwa kwa wingi na bila kiima cha pekee.

Haki inatudai tuseme kwamba umati katika filamu hiyo si wa rangi moja tu. Mwishoni, Charlie na Rose wamekwisha kufungwa kitanzi shingoni ndani ya meli ya kivita Louisa. Nahodha Mjerumani anawaoza kwa ombi lao, na mara meli inalipuka kwa kugongana na mashua yao. Wawili hao wanaogelea wakiwa na furaha. Filamu haikai kuwahesabu mabaharia waliozama, wala kuuliza habari za nahodha aliyetoka tu kuwafungisha ndoa. Hata meli yenyewe ilipewa kifo cha kubuni. Meli ya kweli iliyohusishwa na hadithi hiyo, Graf von Goetzen, haikuzamishwa na adui. Wajerumani wenyewe waliizamisha karibu na Kigoma tarehe 26 Julai 1916, baada ya kuipaka grisi mitambo yake ili isiharibike. Iliopolewa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Watazamaji wa Kiswahili wamekwisha kuitambua kanuni hii kwa msemo wao wenyewe: stelingi hafi. Stelingi, yaani mhusika mkuu, aweza kupigwa, kufungwa au kutupwa mtoni, lakini mtazamaji hana wasiwasi. Msemo huo hutolewa kwa mzaha, lakini una uchambuzi ndani yake. Ikiwa stelingi hafi, basi wapo wengine waliowekwa katika hadithi ili wafe badala yake.

5. Kifo cha Mwandani

*Dark of the Sun* (1968) inaeleza Kongo ya wakati wa maasi ya Simba, ambayo mwaka 1964 yaliikumba pia nchi ya Maniema, Kasongo na Kabambare zikiwamo. Ilipigwa Jamaica na Uingereza. Ndani yake yumo Ruffo, sajini Mkongo aliyeigizwa na Jim Brown. Ana jina, ana mawazo juu ya nchi yake, na anabishana na Curry, kiongozi wa mamluki, kama mtu na mwenziwe. Henlein, mamluki mwenzao, anamuua akidhani amebeba almasi. Curry anashikwa na ghadhabu, anamfuata muuaji na kumuua, kisha anajisalimisha ili ashitakiwe.

Hapa tumepiga hatua: Mwafrika amekufa, na yuko aliyefiwa. Lakini tukiuliza ni nani huyo, tunapata jibu moja tu, Curry. Ruffo hakuletewa mama, mke wala ndugu wa kumlilia. Msiba wake umekuwa mali ya rafiki yake, na kazi yake katika hadithi ni kumfanya rafiki huyo awe mtu bora. Kwa Kiswahili tungesema Ruffo amemfia Curry kwa maana zote mbili: amekufa akimwacha, na amekufa kwa ajili yake.

6. Marehemu Anaposimulia

Filamu ya tano, *Lumumba* ya Raoul Peck (2000), inaigeuza kanuni hiyo. Stelingi anakufa, na tunalijua hilo tangu mwanzo, kwani tunaona watu wakihangaika usiku kuiharibu maiti yake. Sauti inayosimulia ni ya marehemu mwenyewe, naye anasema na mkewe. Mfiwa ametajwa kabla hata maisha hayajasimuliwa.

Patrice Lumumba aliuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961 pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito. Miili yao iliharibiwa ili pasiwe na kaburi. Waliofanya hivyo walielewa vizuri kwamba pasipo kaburi ni vigumu watu kukusanyika na kufiwa pamoja. Jino moja lililobaki lilirudishwa na Ubelgiji mwezi Juni mwaka 2022, likapitishwa Onalua alikozaliwa, Kisangani na Katanga, kisha likazikwa Kinshasa tarehe 30 Juni. Maziko yalikuja baada ya miaka 61, lakini yalikuja.

7. Hitimisho

Tumeona kwamba filamu za kale zina namna nyingi za kuua wahusika, lakini tofauti kubwa haimo katika silaha, homa au maji. Imo katika kuwapo au kutokuwapo kwa mfiwa. Tunapendekeza kwamba mwalimu wa fasihi anayetumia filamu darasani awape wanafunzi maswali matatu kwa kila kifo: marehemu ana jina? Nani amefiwa? Kaburi liko wapi? Maswali hayo hayahitaji nadharia ngeni. Kila mtu wa Salamabila huyauliza anaposikia kilio kwa jirani.

Kazi kama hiyo inawangoja pia wanaotafsiri filamu kwa sauti, kwa desturi iliyopata umaarufu Dar es Salaam kupitia Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kama Lufufu. Mtafsiri anayesema juu ya picha ana uhuru ambao mwandishi wa maandishi ya chini ya skrini hana. Pale ambapo picha inapita upesi juu ya wanakijiji waliochukuliwa, yeye aweza kusimama na kusema kwamba hao nao wana kwao, na kwamba huko kwao watu wamefiwa.