Kikalio cha motere: si kubeba uzito tu

Wandugu, ku Marekani kuko watu wanachukua Ford ya 1932, wanatoa motere ya zamani, wanaweka V8 ya Chevrolet. Gari ya vile inaitwa hot rod. Lakini mashimo ya motere mpya hayalingani na shasi ya Ford. Njo maana wanajitengenezea vikalio vya chuma.

Kwanza wanapachika motere na gia mahali pake. Wanaangalia: feni isiguse radiatere, usukani upite bure. Wanakata mfano ku karatasi ngumu, kisha ku chuma cha milimita 6 hivi. Wanasude matone madogo, wanapima tena, njo wanamaliza, juu chuma kikipata moto kinajikunja.

Sasa tuulize: kikalio kinafanya kazi gani? Ukikanyaga mafuta, motere inazungusha magurudumu, na yenyewe inataka kujipindua upande mwingine. Ku V8 ile, upande wa kushoto unanyanyuka. Kwa hiyo kikalio kinavutwa pia, hakikandamizwi tu. Mpira wa katikati unakula mtetemo.

Na mpira ukikatika? Mwaka 1971 General Motors iliita tena Chevrolet milioni 6.7 juu ya jambo hilo: motere ilinyanyuka, ikavuta njia ya mafuta, gari ikakimbia yenyewe. Dawa ilikuwa kamba ya chuma ya kuizuia.

Basi ukichora kikalio, pitisha buloni kati ya mpira, ifungwe upande wa pili na rondele pana. Mpira ukichoka, chuma kishike.