Je, Wajua? Bwawa la Kujifungulia, Maji ya Uvuguvugu na Mama wa Ilagala

Ilagala, wilayani Uvinza, ndipo mto Malagarasi unapomalizia safari yake na kuingia Ziwa Tanganyika. Watu wa hapa wanavua, wanalima michikichi, na kwa miaka mingi wamevuka mto kwa kivuko kati ya Ilagala na Kajeje. Maji wanayajua. Lakini mama wa mwambao huu anaposikia kwamba kuna wanawake wanaojifungulia ndani ya maji, tena katika bwawa la plastiki linalojazwa upepo, maswali humjia mengi. Mtoto hazami? Bwawa lenyewe linachaguliwaje? Na je, ziwa lililo mbele ya nyumba haliwezi kufanya kazi hiyohiyo? Ndugu zetu waishio Uingereza huulizwa na mkunga kama wangependa kutumia bwawa, na picha zao hufika hadi huku kwa simu. Haya ni mambo ambayo kila familia inapaswa kuyajua kabla ya kuvutiwa na picha hizo.

1. Je, wajua kwamba bwawa hili lilianza kama dawa ya maumivu?

Mwaka 1977, daktari Michel Odent wa hospitali ya Pithiviers, Ufaransa, alinunua bwawa la kujaza upepo la aina ile wanayochezea watoto bustanini. Hakukusudia watoto wazaliwe humo. Alitaka mama mwenye uchungu mkali wa mgongo apumzike kwenye maji ya uvuguvugu badala ya kuchomwa dawa. Baadhi ya akina mama walistarehe kiasi kwamba mtoto akaja kabla mama hajatoka. Mwaka 1983 Odent aliandika katika jarida la kitabibu la The Lancet kuhusu watoto 100 waliozaliwa majini hospitalini hapo. Hata hivyo hakuwa wa kwanza kuona jambo hilo: Ufaransa hiyohiyo ina kumbukumbu ya mwaka 1803 ya mama aliyehangaika na uchungu kwa siku mbili, akaingia kwenye maji ya moto kiasi, na mtoto akazaliwa humo.

2. Je, wajua kwamba kukaa majini wakati wa uchungu na kuzalia majini ni mambo mawili?

Madaktari huyatenganisha. Jambo la kwanza, yaani kukaa majini njia inapofunguka, lina ushahidi mzuri. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2018, yaliyokusanya tafiti 15 zenye wanawake 3,663, yalionyesha kwamba wanaokaa majini katika hatua hiyo huhitaji sindano ya ganzi ya mgongoni mara chache kuliko wenzao, na hayakuona dalili kwamba maji yanamdhuru mtoto.

Jambo la pili limebishaniwa zaidi. Mwaka 2016 chama cha madaktari wa uzazi wa Marekani kilishauri mama atoke majini wakati wa kusukuma, kwa kuwa ushahidi wa usalama haukutosha. Mwaka 2024 ukatoka utafiti mkubwa wa Uingereza na Wales uitwao POOL, uliochambua kumbukumbu za wanawake zaidi ya 87,000 waliotumia bwawa kati ya 2015 na 2022. Kwa wale wenye mimba isiyo na matatizo, kujifungulia majini hakukuonekana kuwa na hatari zaidi kuliko kutoka na kujifungulia nje, kwa mama wala kwa mtoto. Lakini usisahau kwamba wanawake hao walikuwa chini ya uangalizi wa wakunga waliosomea, na huduma ya dharura ilikuwa karibu. Matokeo yao ni ya bwawa pamoja na huduma hiyo yote.

3. Je, wajua kwa nini mtoto hazami?

Tumboni mtoto anaishi majini, na hewa yake ya oksijeni huipata kwa damu inayopita kwenye kitovu kutoka kondo la nyuma. Anapotoka moja kwa moja kwenye maji yenye joto la mwili, hali yake haibadiliki ghafla. Kinachomwamsha avute pumzi ni kuguswa na hewa na ubaridi wa nje. Kwa hiyo kuna sheria mbili ambazo mkunga hazivunji. Ya kwanza, mtoto azaliwe chini ya maji kabisa, kisha ainuliwe taratibu mara moja hadi kifuani kwa mama. Ya pili, kichwa kikishagusa hewa kisirudi majini hata kidogo. Mama akiinuka kichwa kikiwa kimetoka, basi amalizie nje akiwa amesimama au amepiga magoti.

Uinuaji wenyewe unataka utulivu. Kitovu kikivutwa kwa nguvu huweza kukatika. Hilo ni nadra, lakini hutokea mara nyingi zaidi majini kuliko nje, na mkunga lazima awe na kibanio mkononi ili mtoto asipoteze damu.

4. Je, wajua kwamba bwawa zuri hupimwa kwa magoti, mikono na mgongo?

Anayenunua au kukodi bwawa huvutiwa kwanza na rangi na bei. Mama mwenye uchungu ana mahitaji mengine kabisa.

Kina: maji yafunike tumbo lote na kufika karibu na matiti mama akiwa amekaa au amepiga magoti. Bwawa la watoto la kuchezea halifiki hapo. Ukuta wa bwawa la kujifungulia huwa na kimo cha sentimita 60 hadi 75.

Ukuta: uwe mgumu kiasi cha kuegemewa na mtu mzima bila kubonyea na kumwaga maji. Chagua lenye vyumba vya upepo vilivyotengana. Kimoja kikitoboka, vingine hubaki vimesimama.

Sakafu: iwe na upepo wake. Mama hupiga magoti kwa saa nyingi, na saruji haina huruma.

Vishikio: viwe imara, pande zote, vya ndani na vya nje, ili mama ajishike akigeuka na mkunga apate pa kujizuia.

Nafasi: mama aweze kugeuka na kupanua miguu. Bwawa kubwa mno nalo lina hasara: mama hukosa pa kukanyagia na maji huchelewa kujaa.

Utando wa ndani: bwawa liwe na mfuko wa plastiki safi unaotandikwa ndani na kutupwa baada ya mama mmoja. Bwawa lililotumiwa na mwingine bila mfuko huo si la kukubali.

Vifaa: pampu ya upepo, mpira mpya wa maji ambao haujawahi kumwagilia bustani, kipimajoto cha maji, chujio la kutolea uchafu, pampu ya kutolea maji, na turubai la kutandika chini. Lijaze upepo wiki kadhaa kabla, liache usiku mzima, uone kama linavuja.

5. Je, wajua kwamba bwawa moja ni madumu 30?

Bwawa la kawaida huchukua lita 500 hadi 700. Tuchukue 600: hayo ni madumu 30 ya lita 20, yenye uzito wa kilo 600, sawa na magunia sita ya mahindi yaliyosimama mahali pamoja, kabla mama hajaingia. Sakafu ya chini ya saruji hustahimili. Ghorofa ya zamani au sakafu ya mbao ni ya kuulizia fundi kwanza.

Na moto je? Maji ya nyuzi 25 yakitakiwa kufika nyuzi 37, karibu lita 96 lazima ziwe zimechemka na kuchanganywa na lita 504 za baridi. Ni takriban madumu matano ya maji yanayotokota, na mengine ya kuongezea kadiri bwawa linavyopoa. Maji baridi hutangulia na ya moto hufuata, ili plastiki isiharibike. Maji yanayochemka hayaongezwi kamwe mama akiwa ndani. Kwa nyumba ambayo maji hubebwa kichwani na kuni hununuliwa, gharama hii si ndogo.

6. Je, wajua kwamba nyuzi chache za joto zinaweza kumchosha mtoto?

Mwongozo wa Uingereza unataka maji yasizidi nyuzi 37.5, na joto la maji pamoja na la mama lipimwe kila saa. Mama akipata joto kupita kiasi, mtoto tumboni naye hupata joto, na mapigo ya moyo wake huenda mbio. Kwa hiyo mkono wa shangazi ukitumbukizwa majini hautoshi kuwa kipimo. Kipimajoto ndicho kipimo. Mama anywe maji mara kwa mara, atoke kwenda kujisaidia, na mkunga asikilize moyo wa mtoto kwa kifaa kisichoharibiwa na maji. Mafuta nayo, hata mawese yetu mazuri, yasipakwe: mama huteleza, na mtoto huponyoka mikononi.

7. Je, wajua kwamba maji yaliyokaa na joto ni hatari?

Mwaka 2014 idara ya afya ya umma ya Uingereza ilitoa tahadhari baada ya mtoto aliyezaliwa nyumbani, katika bwawa lenye hita na pampu ya kuzungusha maji, kuugua vibaya kwa bakteria wa lejionela. Mabwawa ya aina hiyo yalikuwa yakijazwa siku nyingi kabla ya uchungu na kuachwa na joto, na joto hilo ndilo wanalolipenda bakteria hao. Fundisho lake ni jepesi: chagua bwawa lisilo na hita wala pampu ya kuzungusha maji, lijaze uchungu ukishakolea, tumia maji safi unayoweza kuyanywa, na ukimaliza limwage lote.

8. Je, wajua kwamba ziwa haliwezi kuwa bwawa la kujifungulia?

Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 na ni la pili duniani kwa kina. Uzuri wake hauna mjadala. Lakini maji yake ya juu huwa na joto la nyuzi zipatazo 24 hadi 28, chini sana ya joto la mwili, na mtoto mchanga hupoa haraka. Kando ya ziwa kuna kichocho, na mwambao huu umewahi kupata kipindupindu; mwaka 2015 kilizuka Kagunga, wakati maelfu ya wakimbizi wa Burundi walipokuwa wamerundikana ufukweni. Malagarasi nao una mamba. Mama asiingizwe ziwani wala mtoni akiwa na uchungu, hata kwa nia njema.

9. Je, wajua nani asiingie bwawani kabisa?

Mwenye presha ya mimba au dalili za kifafa cha mimba. Anayetokwa damu. Mwenye mapacha, au mtoto aliyetanguliza matako. Ambaye mimba haijafika wiki 37. Mwenye homa. Ambaye maji ya uzazi yametoka na kinyesi cha mtoto. Aliyechomwa sindano kali ya maumivu muda mfupi uliopita. Aliyewahi kujifungua kwa upasuaji, au mwenye maambukizi yanayokaa kwenye damu, aamuliwe na daktari. Mkunga akisema "toka majini", mama atoke bila mjadala. Ndiyo maana wasaidizi wa kumnyanyua wawe wamepangwa mapema.

10. Je, wajua kilichookoa akina mama wa Kigoma?

Kuanzia mwaka 2006, mradi uliofadhiliwa na Bloomberg Philanthropies uliimarisha vituo vya afya vya vijijini mkoani Kigoma. Viliwekewa vyumba vya upasuaji, na madaktari wasaidizi wakafundishwa upasuaji wa uzazi, ili mama asisubiri kufikishwa hospitali ya Maweni, Kigoma mjini. Tangu 2022 mfumo wa m-mama umesambazwa nchini: simu ya bure 115 huita gari la wagonjwa au dereva wa jamii kwa ajili ya mjamzito au mtoto mchanga aliye hatarini. Kitaifa, vifo vya uzazi vilivyokadiriwa kuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015/16 vilishuka hadi 104 katika ule wa 2022. Bado kila mama anayekufa ana jina na ana familia. Anayeuawa na damu nyingi baada ya kujifungua hufa kwa saa chache, na bwawa halizuii damu. Mkunga mwenye dawa ya kukaza kizazi huizuia.

11. Je, wajua kwamba faraja ya maji unaweza kuipata bila bwawa?

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza njia za kumpa nafuu mama mwenye uchungu ambazo hazina gharama kubwa: kukandwa mgongo, kuwekewa kitambaa cha maji ya moto kiasi, kutembea na kukaa mkao anaoupenda mama, na kuwa na mwenza aliyemchagua mwenyewe. Hilo la mwisho Kigoma inalijua vizuri. Kati ya 2016 na 2018, shirika la Thamini Uhai liliendesha mradi wa majaribio katika vituo vya mkoa huu, mama akaruhusiwa kuingia chumba cha kujifungulia na mtu wake: mama mzazi, dada, wifi au shangazi. Kitambaa safi, beseni, birika na mkono wa mtu unayemwamini vinapatikana Ilagala, Sunuka hadi Kalya.

Basi, kama uko mahali penye mkunga aliyefunzwa kuzalisha majini, maji safi ya bomba, umeme na hospitali ya karibu, bwawa la kujaza upepo ni chaguo linalofaa. Lichague kwa vipimo tulivyovitaja. Kama uko kijijini mwambaoni, usihangaike kulitafuta wala usijione umepungukiwa. Wahi kliniki mimba ikiwa changa, jua kituo utakachojifungulia, weka akiba ya nauli, iandike namba 115 mahali kila mtu nyumbani anapoiona, na mchague mapema mtu wa kukushika mkono. Na ninyi akina baba, siku zikikaribia, msiende dago, kambi ya uvuvi, mkamwacha mama peke yake.