Degedege la kichanga: Si nyuni, ni ubongo

Je, mama, mwanao wa siku mbili akichezesha midomo kama anayenyonya, ilhali hana titi kinywani, utasema anaota? Huenda anaota kweli. Lakini huenda pia ni degedege.

Degedege la kichanga halifanani na la mtoto mkubwa, ambaye hukakamaa na kutoa povu. Ubongo wake haujakomaa, kwa hivyo dalili huwa ndogo: macho hukwama upande mmoja, miguu hupiga kama ya mwendesha baiskeli, au pumzi hukatika kwa muda.

Shika kwa upole mkono unaotetemeka. Ukitulia, pengine ni mtetemeko wa kawaida. Ukizidi kurukaruka, mpeleke hospitalini, hata kama ni usiku wa manane.

Wazee wa pwani waliuita ugonjwa huu nyuni, yaani ndege. Madaktari nao wasema chanzo mara nyingi ni mtoto kukosa hewa anapozaliwa, sukari kupungua mwilini, au maambukizi ya ubongo.

Janga la Korona lilifunza jambo jingine. Mwaka 2023, madaktari wa Chuo Kikuu cha Miami, Marekani, walieleza habari za watoto wawili ambao mama zao waliambukizwa katika miezi ya kati ya ujauzito, kabla ya chanjo kupatikana. Watoto walipopimwa, hawakupatikana na virusi. Hata hivyo, siku ya kwanza tu walishikwa na degedege. Kondo la nyuma lilikuwa limeharibika, na ubongo wao umeumia. Mmoja alifariki akiwa na miezi 13.

Usiingiwe na hofu, mpenzi msomaji. Visa kama hivyo ni nadra. Funzo ni kwamba ugonjwa wa mama waweza kumdhuru mtoto hata asipoambukizwa waziwazi. Ukiugua homa ukiwa mjamzito, mweleze mkunga wako kliniki, na umuulize kuhusu chanjo.

Matibabu yapo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kuwa fenobabitali, dawa ya miaka mingi, ilituliza degedege kwa saa 24 kwa watoto 80 katika kila 100. Dawa mpya zaidi iliyolinganishwa nayo, levetirasetamu, ilifaulu kwa 28 pekee.

Mkiwa njiani, mlaze kwa ubavu, mfunike apate joto, na uangalie saa. Usimtie kijiko kinywani, wala usimfukize. Kila dakika ina thamani kwa ubongo wa mwanao.